Mzunguko wa Arobaini

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama kwenye foleni ya ukaguzi wa magari ya mbio, nimeshika bahasha ya kaki, na gari langu limesimama mbele yangu kama mtu aliyewahi kufika kabla yangu. Lilikuwa limejipanga lenyewe. Kila foleni iliposogea, nalo lilisogea, na halikunigeukia hata mara moja.

Gari hilo nalijua kuliko ninavyowajua ndugu zangu. Linaitwa Kumi na Saba, kwa sababu ya nambari iliyochorwa ubavuni. Ni la manjano, la viti viwili, halina paa. Liliundwa hapa Nakuru na watu wawili: Gurdial Singh, aliyeliendesha, na baba yangu Kilonzo, aliyekuwa fundi wake. Jumapili moja mwaka 1969 lilizimika uwanjani, mbele ya watu wote, likiwa limebakiza nusu mzunguko tu washinde. Halikuwaka tena.

Mimi ndiye niliyeliwasha. Jina langu ni Mutheu, fundi wa nyaya za magari, mwanamke ambaye wateja humtazama usoni na kumuuliza fundi mwenyewe yuko wapi. Nimelifanyia kazi miaka sita, kila Jumapili na kila sikukuu. Leo Jumamosi ndiyo siku ya kulirudisha kwenye uwanja ule, kwenye maonyesho ya magari ya zamani. Na baba amekataa kuja. Sikutaka makofi ya watu, nilitaka yeye alione. Juzi nilimbembeleza mpaka nikakasirika. Akaniambia hana uso wa kuingia pale, akageukia ukutani, na kwa nini hana uso hakusema. Nililala na uchungu huo, na nadhani ndio ulionipeleka kwenye foleni.

Zamu yetu ikafika.

Mkaguzi alikuwa geji ya kupimia upepo wa magurudumu. Simaanishi mtu aliyeshika geji. Alikuwa geji yenyewe, ndefu kunipita, amevaa tai ya kahawia na mshale wake umetulia kwenye sifuri.

"Kanuni ya kwanza," akasema. "Kila kitu kilichomo ndani ya gari kiwe cha mwaka wa gari."

Nikafurahi, maana hapo nilikuwa nimejiandaa. Nilitafuta taa za nyuma mpaka Kericho. Ngozi ya viti niliinunua kwa mjane wa mshona viatu, aliyekuwa ameiweka chini ya godoro tangu ujana wake. Nikamwambia akague apendavyo.

Akaanza kuita misumari ya skrubu mmoja mmoja, nayo ikasimama kujibu.

"Sitini na nane, mzee."

"Sitini na nane."

"Sitini na tisa, lakini mwishoni."

Ilichukua muda, ila niliona fahari. Ilijibu kwa adabu kuliko watoto wa dada yangu. Kisha akainama chini ya injini, akagonga ile nati ya kumwagia oili, na nati ikanyamaza.

"Wewe?"

"Sitini na tisa," nati ikasema.

"Rudia."

Nati ikaanza kulia. Ilikuwa ya elfu mbili na nne, ya pikipiki, na mimi ndiye niliyeiweka, kwa sababu ya asili haikuwepo. Gari lililetwa kwangu likiwa na tundu pale chini, na hakuna aliyejua nati ilikokwenda. Mkaguzi akaifungua, akaifuta machozi kwa tai yake, akaitia mfukoni.

"Oili itamwagika," nikasema.

Mkaguzi akaiambia oili isubiri. Oili ikasubiri.

"Lakini haisubiri zaidi ya nusu mzunguko," akanionya. "Ina shughuli zake."

Akauliza upepo wa magurudumu ni wa lini. Nikasema wa jana, wa pale kituo cha mafuta karibu na soko. Akautoa wote. Kisha akafungua kabati, akatoa upepo wa mwaka 1969 uliokunjwa vizuri kama shuka, akautia kwenye magurudumu manne. Ulinuka pareto na nywele zilizonyooshwa kwa kitana cha moto. Nilisimama pale nikivuta pumzi, nikaona aibu kidogo kwa namna nilivyofurahi, kwani hiyo ilikuwa hewa aliyokuwa akivuta mama yangu kabla hajanijua.

"Na dereva?" akauliza.

"Dereva ni mimi. Themanini na moja."

Mshale ukashuka chini ya sifuri, mahali ambapo hakuna nambari.

"Wewe huingii. Wewe ni spea ya kisasa."

Hapo nikapandwa na hasira. Nikamwambia nimelala chini ya gari hili miaka sita, nimekula vumbi lake, kucha zangu hazitakati hata siku ya harusi ya mtu, halafu geji inaniita spea. Nikamwambia na tai yake nayo si ya sitini na tisa. Akaitazama, akaivua kimyakimya, akaitupa.

"Basi tukupige msasa," akasema. "Tutashuka mpaka rangi ya kwanza. Kama chini kuna kitu cha mwaka ule, utaingia."

Wakaja wanawake wawili wenye ndoo za maji na msasa laini, wakaanza kunisugua huku wakizungumza habari za jirani yao aliyeoa tena. Haikuuma. Ikatoka kwanza kijani ya ovaroli yangu, kisha nyeusi ya mwaka aliokufa mama, kisha maruni ya sare ya sekondari, kisha waridi ambayo siikumbuki na wao wakasema ilinipendeza. Nilitazama miaka yangu ikielea kwenye ndoo. Walipofika kwenye viganja, msasa ukakataa.

"Mzee, njoo uone," mmoja akaita. "Hapa hapaendi."

Mkaguzi akaja akainama. Akapima kidole kimoja kimoja, mshale wake ukitetemeka.

"Hii mikono ni ya sitini na tisa," akasema. "Ni ya Kilonzo."

Nikaiangalia. Ilikuwa mikono ya baba, ile aliyokuwa nayo ujanani kabla haijakunjamana, na kovu bapa kwenye kidole gumba cha kushoto. Nilikuwa nimetembea nayo maisha yangu yote nikidhani ni yangu. Nikajikuta naifunga na kuifungua taratibu, kwa heshima, kama unavyofanya ukishikishwa mtoto wa mtu.

Uamuzi ukatolewa. Mikono itaendesha. Sehemu yangu iliyobaki itahesabiwa kuwa ni shehena. Wakanifunga lebo kifuani iliyoandikwa MZIGO, wakagonga muhuri, wakafungua lango.

Huwa napita uwanja ule kila wiki. Siku hizi kumebaki kipande cha lami karibu na barabara, kwingine kote ni nyumba na mashamba. Lakini lango lilipofunguka niliona jukwaa la mbao, refu, limejaa watu. Wanaume wamevaa suti na kofia, wanawake wamefunga vitambaa kichwani, soda zao ziko magotini. Walikuwa kimya. Wote walikuwa wanatazama upande mmoja, kule ambako barabara inatokezea kutoka kona ya mwisho.

Kwenye meza ya chini alikaa mama mmoja mwenye miwani, ameshika saa ya kupimia mbio, dole gumba juu ya kitufe. Dole lile lilikuwa limefanya sugu nene. Kibao mbele yake kiliandikwa BI PERPETUA, SAA.

"Shikamoo, mama," nikamwambia. "Mmekaa hapa tangu lini?"

"Tangu Jumapili."

"Jumapili gani?"

"Si hii hii." Hakuondoa macho barabarani. "Kanuni ya pili, mwanangu. Mbio haziishi mpaka gari la mwisho lirudi. Kumi na Saba halijarudi. Sasa nitaondoaje kidole?"

"Hakuna aliyewaambia mwende nyumbani?"

"Nani atasema, na mbio hazijaisha?" Akakohoa kidogo. "Nimeacha maharagwe jikoni. Nadhani yameiva. Na mtoto nimemwacha kwa jirani, nikamwambia narudi saa kumi na moja. Atakuwa analia sasa."

Nilitaka kumwambia kwamba mtoto huyo, akijaliwa, ana wajukuu. Watu elfu moja walikuwa wamekaa pale miaka yote hiyo kwa sababu gari la baba yangu halikumaliza, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amenung'unika.

"Narudi sasa hivi, mama," nikasema.

"Wote husema hivyo," akanijibu, bila ubaya.

Nikapanda. Mikono ikashika usukani kabla sijaketi sawasawa. Nikakanyaga klachi, kwa kuwa miguu ilikuwa kwenye mzigo lakini hakukuwa na mwingine wa kuifanya kazi hiyo.

"Shusha mguu kama mtu," gari likasema. "Klachi si mende."

Kumi na Saba lilisemea kwenye bomba la moshi, kwa hivyo kila neno lilitoka na wingu lake. Likitaka kunong'ona lilipiga mlio wa risasi, na watu wote jukwaani wakasikia.

"Unaogopa?" nikaliuliza.

"NAOGOPA," likanong'ona. Ndege wote wakaruka. "Pale katikati. Pale niliposimama. Sijawahi kupapita."

"Tutapita pamoja."

"Wewe ni mzigo," likasema. Lakini likaondoka.

Sasa tunakwenda. Ninasikia injini ikipanda, sauti niliyoisikia gereji mara nyingi lakini gari likiwa limefungwa kwenye vigogo, na kule gereji ilikuwa kelele tu. Hapa ni kitu kingine. Inatoka chini ya miguu, inapita mgongoni, inakaa kwenye meno. Mikono ya baba haibani usukani. Inaushika kwa vidole tu, inausikiliza. Barabara nyeupe ya jua inakuja na kupita chini yetu na mimi nalia machozi ambayo upepo unayapeleka masikioni, nayo si ya huzuni hata kidogo. Sikujua kitu kilichotengenezwa na watu wawili kwa nyundo na gesi kinaweza kukimbia hivi.

Kona ya kwanza ilikuwa jikoni.

Ilikuwa jiko la watu, lenye rafu na kalenda, na mama mwenye nyumba amesimama kwenye sinki anaosha sufuria. Mumewe alikuwa amekwisha kushika pazia, amelivuta kando tupite.

"Mmechelewa," yule mama akasema. "Tangu tujenge hapa vikombe vyangu vinahamia kushoto kila saa nane mchana. Nikamwambia baba watoto, hii ni kona ya watu, watakuja."

"Samahani mama, tunapita tu."

"Piteni. Ila panguseni magurudumu hapo mlangoni."

Kumi na Saba likapunguza mwendo, likapangusa magurudumu manne kwenye gunia, mawili ya mbele kwanza, likasema asante kwa moshi kidogo, likakata kona kwa gia ya pili kati ya meza na friji. Vikombe vyote rafuni vikaegemea kushoto. Hakuna kilichoanguka. Nilimsikia yule mama akimwambia mumewe, "Umeona? Nilikuambia."

Mlango wa nyuma ukafungukia shamba la mahindi, na mahindi yakalala upande wa ndani wa kona kama yalivyofundishwa. Shamba likaishia kanisani. Kwaya ilikuwa katikati ya mazoezi. Mwalimu wao akatuona, akainua kijiti, na badala ya kunyamaza waliishika sauti ya injini yetu, ile ile, chini kabisa bezi na juu soprano, wakapanda nayo kila tulipopanda. Tulipita katikati yao tukiwa sehemu ya wimbo. Nimeimba kwaya miaka kumi na mbili, na sijawahi kusikia watu wakikaa sauti moja namna ile. Nilitamani kanisa liwe refu zaidi.

Tulipotoka, gari likaacha kuzungumza. Niliuona mshale wa oili unashuka.

"Nusu imefika," oili ikasema kutoka chini, kwa upole. "Samahani. Niliahidi nusu tu."

Ikaanza kudondoka. Injini ikakohoa. Mbele yetu, pembeni mwa barabara, mzee mmoja amesimama peke yake juani. Amevaa koti la harusi, kilemba chake cha rangi ya zafarani kimejaa vumbi, na kiganja amekinyoosha mbele kama anayesubiri mvua.

Kumi na Saba likasimama mbele yake lenyewe, likitetemeka.

Nilimtambua kwa picha ya sebuleni kwetu. Gurdial Singh alifariki miaka kumi iliyopita huko Kisumu, kwa hivyo nilimwamkia kwa heshima zaidi ya kawaida.

"Wewe ni wa Kilonzo," akasema. Hakuuliza.

"Ndiyo, mzee."

Akanionyesha kiganja. Katikati ililala nati ya shaba, imechakaa kingo.

"Sitini na tisa," nati ikasema kabla hatujaiuliza. "Nilianguka hapa. Nilipiga kelele lakini mlikuwa mnakimbia."

Mzee Gurdial akachutama kando ya gari, magoti yake yakalia. Nikashuka na mzigo wangu wote nikachutama naye. Oili ilikuwa inadondoka tone moja moja, ikijizuia kwa taabu.

"Unajua desturi ya gereji ya baba yako?" akaniuliza.

Ninaijua, naifuata mpaka leo. Kwa baba, gari halitoki mpaka mwenyewe akaze nati ya mwisho. Fundi anakaza zote, moja anaiacha kwa vidole, kisha anampa mwenye gari spana aimalize kwa mkono wake. Baba husema mtu akikaza nati moja ndipo anakuwa amepewa gari lake. Wateja wengine hucheka, lakini wanainama na kukaza.

"Siku ile nilitoka harusini kwa ndugu yangu," Mzee Gurdial akasema. "Nikachelewa. Magari yalikuwa yamewashwa. Kilonzo akasimama mlangoni mwa gari, amenyoosha mkono, na spana mkononi. Nikampungia, nikaingia, nikaondoka. Yeye akabaki pale na spana yake."

Nikaelewa. Nikaelewa kwa nini baba hugeukia ukutani. Miaka yote hiyo alikuwa anajiuliza kwa nini hakupiga kelele, kwa nini hakujitupa mbele ya gari, kwa nini alijiambia kwamba vidole vyake vina nguvu, nati itashika mizunguko arobaini. Ilishika thelathini na tisa na nusu.

"Alidhani hukuiona spana," nikasema.

"Niliiona." Mzee Gurdial akanitazama machoni. "Hilo ndilo. Niliiona vizuri kabisa, nikajua ni zamu yangu. Nikasema moyoni, nitakaza nikirudi. Gari lilipozimika, Kilonzo akaja mbio hapa, akapiga magoti, akaona tundu. Hakusema kitu. Na mimi sikusema kitu. Nilimwacha abebe peke yake."

"Kwa nini hukumwambia, mzee?" Sauti yangu ilitoka kali, na sikuirudisha. "Ameacha hata kupita barabara hii."

"Nilikwenda mara tatu. Mara tatu nikafika kona ya gereji yake, nikaona mgongo wake umeinama kwenye boneti la mtu. Pale konani kulikuwa na mama anauza ndizi. Mara tatu nikanunua ndizi nikarudi nyumbani. Watoto wangu walichoka kula ndizi."

Sikujua kama nicheke au nimzabe kofi. Nikasema, "Basi njoo umwambie. Au nipe maneno nimpelekee."

"Huna haja ya kupeleka. Si hii hapa?"

Akaichukua mikono yangu, yaani mikono ya baba, akaishika kwa mikono yake miwili.

"Kilonzo," akaiambia. "Ilikuwa zamu yangu. Niliiona spana. Nisamehe."

Mimi nilikuwa mzigo tu, na naandika nilichokiona. Ile mikono ikaibana mikono ya yule mzee kwa nguvu ambazo mimi sina, ikaitikisa, ikaitikisa tena, kama watu wanaokutana kwenye kituo cha treni. Halafu mkono wa kulia ukajitoa, ukaingia ndani ya koti la harusi kana kwamba unajua mfuko ulipo, ukatoka na spana. Ukaigeuza, ukamkabidhi kwa upande wa kushikia.

Mzee Gurdial akalala chini, juu ya lami, na suti yake nzuri. Akaweka nati mahali pake.

"Mkono wako wa baridi," gari likalalamika.

"Vumilia."

Akakaza. Nilisikia nati ikikaa, kile kilio kifupi cha chuma kinapokubali, na tone la mwisho la oili likaning'inia, likafikiri, likarudi juu. Injini ikawaka bila mtu kuigusa.

"Panda, mzee," nikamwambia. "Kiti kipo. Kamalize."

Akatikisa kichwa, anafuta kilemba vumbi. Uso wake ulikuwa umekunjuka wote.

"Nitakuja kwa miguu. Nusu mzunguko si mbali, na nimesimama sana. Ninyi endeni, yule mama kidole kitamuuma."

Sasa tunakwenda tena na hakuna nyumba, hakuna mahindi, ni barabara tupu inayong'aa mpaka mwisho wa macho. Kumi na Saba halisemi neno. Linaimba. Mikono inacheza na usukani, imekuwa myepesi, nayo inafanya vitu ambavyo hakuna aliyenifundisha. Kwa mbali naliona jukwaa. Watu wanaanza kusimama, kwanza mmoja, kisha safu, kisha jukwaa zima, na soda zinaanguka kutoka magotini, zinamwagika na hakuna anayeangalia.

Kona ya mwisho ikaja. Mkono wa kushoto ukashuka kwenye gia, ukaielekeza kwenye ya pili. Na hapo mimi, kwa furaha, kwa kuwaona watu wale wote wamesimama, nikajisahau kwamba ni mzigo. Nikasukuma gia kwa goti. Ikaingia ya tatu. Nyuma ya gari ikateleza, lami ikapiga kelele, nikaliona jukwaa likija kwetu ubavuni, nikafumba macho. Mikono ikageuza usukani kinyume, mara moja, kwa hasira kidogo, gari likanyooka.

Mwenye bendera akapunga. Miraba yake myeusi ilikuwa imepauka kwa jua na myeupe imeingia vumbi, ikawa bendera ya kijivu tupu, na hakuna aliyejali. Tukapita mstari.

Bi Perpetua akaminya.

Kilisikika kimlio kidogo, tik, na watu elfu moja walikisikia kwa sababu hakuna aliyekuwa anapumua. Akainua saa, akasogeza miwani, akasoma kwa sauti ya ofisini: "Gari nambari kumi na saba, mzunguko wa arobaini. Miaka hamsini na tano, miezi mitatu, dakika mbili na sekunde nane."

"Ni mzunguko wa polepole kuliko yote," Kumi na Saba likasema.

"Lakini upo," akasema Bi Perpetua, akauandika. Akaweka kalamu chini. Akalitazama dole gumba lake, akalikunja, akalikunjua, akaanza kucheka. Kisha akanyanyua sketi mpaka magotini akakimbia kuelekea lango, mama mzima, viatu mkononi, akipiga kelele kwamba anakuja, anakuja. Nyuma yake jukwaa lote likashuka, watu wakipeana mikono, wakikung'uta suti zao, wanaulizana njia ya nyumbani kama imebadilika. Nilikaa garini nikiwatazama mpaka wakaisha. Sikuwahi kuona watu wakienda nyumbani kwa uzuri namna ile.

Nilipoamka jua lilikuwa limeingia dirishani na mto wangu ulikuwa umelowa. Nikakaa kitandani kwanza. Nikajiambia nitakwenda chumbani kwa baba, nitamweleza yote, hata akinicheka, hata akigeukia ukuta. Nikavaa ovaroli, nikavuka ukumbi, nikabisha.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Baba hajatandika kitanda chake tangu goti limsumbue. Nikatoka nje nikikimbia.

Lori la kubebea gari lilikuwa limeegeshwa uani, na Kumi na Saba juu yake. Turubai lilikuwa limekunjwa vizuri, pembe kwa pembe. Kwenye kiti cha abiria aliketi baba yangu, na koti lake la kanisani, amenyoa ndevu, kofia iko mapajani. Sijui alipandaje kule juu. Alikuwa anatazama mbele, kwenye lango letu, akinisubiri.

"Baba," nikasema.

Akavaa kofia, akaiweka sawa. Uso wake ulikuwa umepumzika namna ambayo sijauona tangu nizaliwe. Kisha akageuka, akanitazama kwa ukali ule wa fundi mkuu aliyemkuta mwanafunzi wake ameharibu kazi.

"Ile kona ya mwisho ni ya gia ya pili, Mutheu," akasema. "Goti lako lilikuwa linatafuta nini pale kwenye gia?"